Maji Yaliyochemka Bila Moto: Kisa cha Keekee Butu ya Munich

Mwishoni mwa miaka ya 1790, katika karakana ya silaha mjini Munich, maji baridi ya lita 8 na nusu yalichemka ndani ya sanduku la mbao bila kuwashiwa moto. Hapakuwa na kuni wala makaa. Palikuwa na farasi wawili, mashine ya kutoboa mizinga, kipande cha shaba iliyochanganywa na bati, na keekee butu iliyokandamizwa ndani yake. Baada ya saa mbili na nusu maji yalitokota, na waliokuwa wamesimama pale wakaduwaa. Ripoti ya jaribio hilo ilisomwa London mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, tarehe 25 Januari 1798. Aliyelifanya jaribio alikuwa Benjamin Thompson, ambaye historia inamjua zaidi kwa cheo chake, Count Rumford.

Vitabu vya shule hukitaja kisa hiki kwa sentensi moja: Rumford alithibitisha kwamba msuguano huzaa joto. Sentensi hiyo inakidhulumu. Kwamba msuguano huzaa joto kila aliyewahi kusugua viganja asubuhi ya baridi alikuwa anajua. Thamani ya kisa ni kwamba Rumford aliacha namba, na namba hizo zinatulazimisha kutenganisha mambo matatu ambayo wanafunzi wetu, na wakati mwingine sisi walimu, tunayakoroga: halijoto, kiasi cha joto, na nishati ya molekuli moja moja.

Rumford alizaliwa Woburn, Massachusetts, mwaka 1753. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza alisimama upande wa mfalme wa Uingereza, akawapelekea Waingereza habari za siri, kisha akalazimika kuondoka. Alikuja kuingia katika utumishi wa Karl Theodor, mtawala wa Bavaria, nchi ya Kijerumani ambayo Munich ilikuwa mji wake mkuu, akalipanga upya jeshi lake na kusimamia karakana zake. Wakati ule mizinga ilimiminwa katika kalibu ikiwa gogo zima, kisha tundu likachongwa kwa keekee. Kazi hiyo ilipasha mzinga moto sana, na Rumford alipima chenga za shaba zilizokuwa zikidondoka akakuta ni za moto kuliko maji yanayochemka. Mafundi waliyaona hayo kila siku. Yeye akauliza: joto lote hili linatoka wapi?

Jibu lilikuwepo tayari, nalo halikuwa la kipumbavu. Mwaka 1789 Antoine Lavoisier, mkemia mkuu wa Ufaransa, aliliweka joto katika orodha yake ya elementi pamoja na oksijeni na hidrojeni, akaliita kaloriki. Ilidhaniwa kuwa ni ugiligili usio na uzito, unaopenya kila kitu, na ambao chembe zake zinasukumana. Hilo lilieleza kwa nini chuma hutanuka kikipata moto, na kwa nini joto hutoka penye moto kwenda penye baridi. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1760, mkemia Joseph Black wa Glasgow alikuwa ameonyesha kwamba barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi huku kipimajoto kikiwa hakisogei. Kwa hiyo wanasayansi wa kaloriki walikwishajua kuwa joto na halijoto ni vitu viwili. Tukiwacheka leo tunawaonea.

Kuhusu msuguano walisema hivi: chuma kikisagwa kuwa chenga, uwezo wake wa kubeba kaloriki hupungua, na ile iliyozidi hutoka nje. Hiyo ndiyo moto wa keekee. Maelezo ya namna hiyo yanaweza kupimwa, na Rumford akayapima.

Alichukua chenga zilizotoka kwenye mzinga, na uzito uleule wa vipande vyembamba vilivyokatwa kwa msumeno kutoka gogo lilelile. Akavipasha vyote mpaka kiwango cha maji yanayochemka, akavitumbukiza katika maji baridi ya kiasi kilekile, akasoma kipimajoto. Maji yalipanda sawa mara zote mbili. Kwa hiyo chenga zilikuwa na uwezo uleule wa kubeba joto kama shaba nzima.

Halafu akaja kwenye mashine yenyewe. Kipande cha shaba kilikuwa na uzito wa kilo 51 hivi, kimetobolewa tundu pana la sentimita 9 na kitu. Ndani ya tundu iliingia keekee ambayo makusudi haikunolewa, kwa sababu alitaka isugue, isikate. Ilikandamizwa kwa kani ya uzito wa tani 4 na nusu, na shaba ikazungushwa mara 32 kwa dakika. Katika nusu saa, baada ya mizunguko 960, halijoto ya kipande chote ilipanda kutoka nyuzi 15.6 za Selsiasi hadi 54.4. Rumford akakusanya unga wote uliosagika na kuupima: gramu 54.

Weka namba hizo mbili pamoja, kilo 51 na gramu 54. Unga ule ni kama sehemu moja tu katika sehemu 950 za kipande chenyewe. Ikiwa joto lilikuwa limefichwa ndani ya unga, basi kila chembe ya unga ilitoa joto la kutosha kupasha chembe 950 za namna yake kwa nyuzi karibu 39. Kwa maneno mengine, unga ule ungekuwa umebeba joto la kujipasha wenyewe zaidi ya nyuzi 36,000. Na huu ni unga uleule ambao alikwishaonyesha kuwa hauna tofauti na shaba nzima. Mimi huona hapa ndipo Rumford alipowabana wapinzani wake barabara, kuliko kwenye yale maji yanayosifiwa sana.

Palibaki mwanya mmoja: hewa. Mtu angeweza kusema joto linatoka kwenye hewa inayoingia tunduni. Aliziba mlango wa tundu hewa isipite, joto likaja vilevile. Mwishowe akakizingira kipande chote kwa sanduku la mbao lisilovuja na kulijaza maji. Sasa hewa haikuwa na njia, na maji hayakuwa yakitoa joto bali yakilipokea.

Kipimajoto kilianza nyuzi 15.6. Baada ya saa moja kilisoma karibu 42. Saa moja na nusu: 61. Saa mbili: 81. Saa mbili na dakika ishirini: 93. Saa mbili na nusu: maji yakachemka.

Tazama mwendo wa namba hizo kabla hujashangilia mchemko. Saa ya kwanza ilileta nyuzi 26. Nusu saa iliyofuata ilileta 19, na nusu saa nyingine 20. Mwanzoni maji yalipanda polepole, na sehemu ya sababu ni kwamba shaba ilibidi iwe ya moto kwanza ndipo iyapashe maji. Baada ya hapo kasi haikushuka kwa kiasi cha kutajika. Ugiligili uliofungwa ndani ya shaba ungeanza kupungua, na kasi ingelegea. Haikulegea hivyo. Rumford akasema kwamba kitu ambacho gimba lililotengwa na mengine linaweza kuendelea kukitoa bila kikomo hakiwezi kuwa maada, na kwamba hakuona kingine cha kukilinganisha nacho isipokuwa mwendo.

Joto si halijoto

Sasa tuingie kwenye hesabu yake, maana hapa kuna somo ambalo halifundishwi vya kutosha. Rumford alikokotoa joto lote lililozalishwa hadi mchemko kwa kuuliza: lingeweza kupasha maji kiasi gani kutoka kwenye ubaridi wa barafu hadi kuchemka? Akapata kilo 12 na kidogo. Kwa vipimo vya leo ni kilojuli 5,050 hivi. Na akaonyesha zilivyogawanyika. Maji ya sandukuni, kilo 8.5, yalichukua asilimia 57. Shaba, kilo 51, ilichukua asilimia 39. Kilichobaki, kama asilimia 4, kilikuwa kwenye chuma cha keekee.

Vyote vilikuwa vimegusana, na kwa hesabu yake vilifikia takriban nyuzi 99. (Munich iko mita 500 na zaidi juu ya bahari, kwa hiyo maji hayafiki 100 kamili kabla ya kuchemka.) Halijoto moja, lakini maji yaliyokuwa mepesi mara sita yalibeba joto jingi kuliko shaba. Ukimuuliza mwanafunzi kipi kina joto zaidi, naye akakujibu "sawa, kwa sababu kipimajoto kinasoma sawa", ujue bado hajavuka.

Upande wa pili wa jambo hilo unaonekana kwenye kibanda chochote cha fundi wa kuchomelea. Grainda ikigusa chuma, cheche zinaruka hadi kwenye mkono wa fundi asiye na glovu, naye wala hashtuki. Cheche ile ina halijoto inayozidi nyuzi 1,000. Lakini ni punje ndogo mno, na kiasi cha joto ilichobeba hakitoshi kuipasha ngozi. Fundi huyohuyo akimwagikiwa na kikombe cha chai ya nyuzi 80 atapiga kelele.

Kinachoendelea kati ya molekuli

Rumford hakuwa na molekuli mezani. Alisema "mwendo" akaishia hapo. Picha ya molekuli ilikuja kukamilishwa baadaye na wanafizikia wengine, hasa Rudolf Clausius mwaka 1857, James Clerk Maxwell mwaka 1860, na Ludwig Boltzmann baada yao. Turudi na picha hiyo kwenye sanduku la Munich.

Katika maji ya nyuzi 15.6, kila molekuli inakwenda huku na huko kwa kasi ya wastani wa kama mita 630 kwa sekunde, ikigongana na jirani zake kabla haijafika popote. Maji yanapokaribia kuchemka kasi hiyo imefika kama mita 717. Watu wengi hupigwa na butwaa hapa: kutoka maji ya kuoga hadi maji ya kuunguza, kasi imeongezeka kwa asilimia 13 au 14 tu. Nishati ya mwendo, ambayo hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, imeongezeka kwa asilimia 29. Hiyo ndiyo tofauti kati ya nyuzi 15.6 na 99, ukizihesabu kwa Kelvini kuanzia sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa: kutoka 289 hadi 372. Halijoto ya Kelvini hupanda sambamba na wastani wa nishati ya mwendo wa molekuli. Haisemi molekuli ni ngapi. Haisemi jumla yake ni kiasi gani. Ni wastani.

Neno wastani lina uzito. Ndani ya maji yaleyale zipo molekuli zinazokwenda polepole na zipo zinazokwenda kasi mno. Huwezi kuikamata molekuli moja ukauliza ina nyuzi ngapi. Ina nishati, haina halijoto. Halijoto ni mali ya umati.

Sasa kwa nini maji yalimeza joto jingi kuliko shaba? Kwanza, idadi. Molekuli ya maji ni nyepesi sana kuliko atomi ya shaba, ni kama chini ya theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kilo moja ya maji ina chembe nyingi zaidi. Lakini idadi peke yake haitoshi: kilo 51 za shaba bado zilikuwa na chembe nyingi kuliko kilo 8.5 za maji. Sababu ya pili ndiyo kubwa. Kwa kila nyuzi moja inayopanda, molekuli ya maji inadai nishati kama mara tatu ya ile inayodaiwa na atomi ya shaba. Molekuli za maji zimeshikana kwa mivuto ya hidrojeni. Nishati inayoingia haiendi yote kwenye mwendo. Sehemu kubwa inakwenda kulegeza na kukata mivuto hiyo. Kipimajoto hakiioni sehemu hiyo. Kinaona mwendo peke yake.

Mchemko unalionyesha jambo hilo waziwazi kabisa. Farasi wangeendelea kuzunguka baada ya saa mbili na nusu, keekee ingeendelea kuzalisha joto kwa kiwango kilekile, na kipimajoto kisingesogea. Ukichukua wastani wa joto la jaribio lote, unapata wati 560. Kwa wati hizo maji yangekauka kwa kiasi cha gramu 900 hivi kila saa, na kulimaliza sanduku lote kungechukua zaidi ya saa 9. Saa 9 za kupokea joto bila halijoto kupanda hata nyuzi moja! Nishati yote ingekuwa inatumika kuzitenganisha molekuli, si kuziongezea kasi.

Na keekee yenyewe? Ukihesabu mzingo wa tundu na mizunguko 32 kwa dakika, unakuta nyuso zilipitana kwa mwendo usiofika sentimita 20 kwa sekunde. Mtoto anayetambaa anaweza kuukaribia. Lakini hata kabla ya mashine kuwashwa, atomi za shaba ile zilikuwa zikitikisika mahali pake kwa kasi ya mita 330 na zaidi kwa sekunde. Msuguano basi hauchukui kasi ya keekee na kuigawia atomi. Tani 4 na nusu zinaposukumwa, vinundu vya nyuso mbili hukwaruzana, hupinda, hukatika, na kila vinapoachia huziacha atomi za pale zikitikisika zaidi ya mwanzo. Mwendo wa pamoja, ambapo atomi zote zinaelekea upande mmoja, unavunjika kuwa mwendo wa ovyo, kila atomi na lake. Mwendo wa pamoja haupandishi halijoto hata ukiwa wa kasi. Mpira uliopigwa kwa nguvu haupati joto kwa sababu tu unaruka. Mwendo wa ovyo ndio unaosomwa na kipimajoto.

Alipoishia

Inasemwa kwamba Rumford aliua nadharia ya kaloriki. Hakuiua. Iliishi karibu nusu karne nyingine, na mhandisi Mfaransa Sadi Carnot aliitumia mwaka 1824 kuandika kazi bora kabisa juu ya injini za mvuke. Wapinzani walikuwa na hoja. Saa mbili na nusu si "bila kikomo": huenda shaba ilikuwa na hazina kubwa ya kaloriki ambayo bado haijaguswa. Na kupima uwezo wa chenga kupokea joto hakuonyeshi ni kaloriki kiasi gani imelala ndani yake kwa jumla. Mimi nadhani hoja hizo zilikuwa halali, na mwalimu anayezificha anawanyima wanafunzi wake nusu ya kisa.

Kilichokosekana ni kipimo cha upande wa pili. Rumford alipima joto lililotoka kwa uangalifu mkubwa, lakini hakupima kazi iliyoingia. Alitaja tu kwamba mashine ingeweza kuzungushwa na farasi mmoja bila shida, ingawa waliwekwa wawili kupunguza uzito wa kazi. Mwanafizikia Mwingereza James Joule ndiye aliyekuja kuupima upande huo, kwa mapanga yaliyokoroga maji huku yakivutwa na mizigo iliyokuwa ikishuka. Mwaka 1850 alitoa jibu lake: kazi ya futi-ratili 772 (futi-ratili moja ni kazi ya kuinua ratili moja kwa futi moja) hupasha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Thamani ya leo ni 778. Joule pia alizirudia namba za Munich, akamhesabia farasi yule mmoja nguvu kamili ya farasi, kile kipimo kinachotumika kwa injini, akapata futi-ratili 1,034. Imezidi kwa theluthi moja, na sababu zake zinaonekana: hakuna aliyejua yule farasi alivuta kwa nguvu gani hasa, na joto lililopotea kupitia mbao za sanduku halikuhesabiwa. Kwa jaribio ambalo halikukusudiwa kupima kazi, kukosea kwa theluthi ni kukaribia sana.

Kuna mahali katika ripoti ambapo Rumford alikaribia zaidi upande huo wa kazi. Baada ya kueleza kwamba joto la mashine yake lilizidi la mishumaa 9 minene ya nta ikiwaka pamoja, alisema kwamba hata hivyo hakuna faida kupika kwa njia hii, kwa sababu ukiyachoma majani na nafaka anazokula farasi utapata joto jingi zaidi. Alikuwa sahihi, na sababu yake iko kwenye msuli. Msuli hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Robo tatu hutoka kama joto la mwili. Ikiwa keekee ilipokea wati 560 za kazi, basi farasi wale, walipokuwa wakivuta, walikuwa wakitoa miilini mwao wati 1,600 au zaidi. Wakati watu wa Munich wamekodolea macho sanduku linalotokota, sehemu kubwa ya joto ilikuwa kwenye farasi waliokuwa wakizunguka.